Yusta, Mfuaji wa Vitambaa vya Altare

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa sita, baridi ile ya milimani ambayo hata ng'ombe hataki kutoka zizini. Sefania aliingia na ndoo ya maziwa, akakuta pasi imeshapata moto. Mkewe Yusta alikuwa amesimama mezani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, mbele yake vitambaa vyeupe vya mapadre. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

"Ishia hapo hapo, Baba Edgar," alisema bila kuinua kichwa. "Una mikono ya ng'ombe."

"Mikono hii ndiyo inakulisha."

"Inanilisha mimi. Altare hailishwi na mtu."

"Chai iko wapi?"

"Ilipo kila siku tangu unioe."

Alijimiminia mwenyewe. Akala kiazi kitamu cha jana, kikiwa baridi, maana makaa yote yalikuwa ndani ya pasi. Yusta alichukua kitambaa cha mraba akakikunja: upande mmoja kwa ndani, upande wa pili juu yake, kisha akakigeuza akafanya vile vile, kikabaki kama kiganja. Hicho huitwa korporale. Hutandazwa chini ya kalisi, kikombe cha divai, wakati wa misa, na hukunjwa kwa ndani ili kama kuna chembe ya hostia, mkate wa misa, isianguke. Alikikunja bila kukitazama. Alikuwa anatazama dirishani.

"Maharage ya Mwanaheri yameungua na baridi," alisema. Mwanaheri ni jirani yao, mtu wa ng'ambo ya ua.

"Alichelewa kupanda."

"Usimwambie."

"Simwambii."

Hayo ndiyo yaliyosemwa. Sefania alivaa koti, akachukua jembe, akaenda kwenye kabichi zake. Hakugeuka nyuma. Nani anageuka nyuma siku ya Jumatatu?

Yusta alizaliwa Rangwi, karibu na misheni. Mama yake alikufa mapema, na masista wakamchukua chumba cha kufulia akiwa na miaka minane. Walimfundisha kuloweka, kusugua bila kurarua, kupika uji mwepesi wa muhogo wa kukazia nguo, na kujaribu joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu. Misa wakati huo ilikuwa ya Kilatini. Hakuelewa hata neno. Lakini majibu yote aliyashika kwa sikio, kama watoto wanavyoshika nyimbo za kuruka kamba. Alipokuwa msichana misa ikageuzwa kuwa ya Kiswahili, watu wakafurahi, naye akafurahi pamoja nao. Kile cha kwanza kikabaki mahali fulani ndani yake, hakisemwi na hakisahauliki.

Sefania yeye ni Mlutheri, upande wa Kwai. Walionana sokoni Lushoto, Sefania akiuza karoti. Kaka zake Yusta hawakutaka Mlutheri. Baba yake Sefania hakutaka binti wa kupiga magoti mbele ya sanamu. Ikachukua miaka miwili na mbuzi wengi. Mwisho walikubaliana hivi: watoto watabatizwa kwa baba yao, na Yusta ataachwa na imani yake, asiguswe.

Hakuguswa. Jumapili Sefania alishuka na watoto kwenda kwao, Yusta alipanda peke yake kwenda kwake. "Mungu anatugawa asubuhi," alikuwa akisema, "ugali unaturudisha mchana." Mtoto wa kwanza, Edgar, amekuwa mzee wa kanisa la baba yake. Yusta ndiye aliyemshonea koti la kuvaa siku aliposimikwa.

Miaka kumi na moja iliyopita walikuja mapadre wa Udugu wa Mtakatifu Ambrosi. Mapadre watatu na bruda mmoja, mtawa asiye padre. Walinunua nyumba ya zamani ya mbao pale Kwemkole, juu ya kijiji, wakaweka altare kwenye ghala. Watu waliwashangaa. Walivaa kanzu nyeusi hadi kwenye vifundo vya miguu, hata wakilima. Waliamka saa kumi na nusu kwa kengele. Waliimba sala zao kwa Kilatini, mara nyingi kwa siku, kuwe na mtu wa kuwasikiliza au kusiwe na mtu. Na misa yao ilikuwa ile ya zamani, padre anatazama altare na mgongo uko kwa watu.

"Kwa nini anawapa mgongo?" Sefania aliuliza siku moja.

"Hatupi mgongo. Anatazama kule tunakotazama wote. Wewe ukilima na ng'ombe, unamkalia mbele mkitazamana?"

Sefania aliona hilo lina akili, ila hakusema.

Siku ya kwanza walikuwa watu saba mle ghalani. Padre kijana, Kristian, mtu wa Songea, aliyepewa upadre mwaka ule ule, aligeuka akawasalimu watu kwa Kilatini kama inavyotakiwa. Kimya. Hata bruda alikuwa amepotelewa na ukurasa. Ndipo sauti ya mwanamke mzee ikamjibu kutoka nyuma, neno kwa neno, kwa lafudhi ya Rangwi. Padre Kristian alisimulia baadaye kwamba nusura asahau kinachofuata.

Wakatoliki wengine walimcheka. "Kwani Mungu wenu hajajifunza Kiswahili?" walimuuliza.

"Anakijua vizuri," aliwajibu. "Ila mimi alinisikia kwanza kwa kile."

Baada ya misa ile ya kwanza aliomba aoneshwe vitambaa vya altare. Bruda ndiye aliyekuwa akivifua. Yusta alipoona alivyovipiga pasi, alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia wiki ile kazi ikawa yake. Jumamosi kapu linashuka, Jumatatu linapanda.

Lakini si kila kitambaa anapewa hivi hivi. Mapadre wale wana sheria. Kile kilichofuta kalisi au kilichokaa chini yake, hakifuliwi na mtu wa kawaida mpaka padre mwenyewe akisuuze kwanza kwa maji safi. Na maji yale hayamwagwi kwenye mtaro. Yanamwagwa udongoni, mahali pasipokanyagwa. Baada ya hapo ndipo sabuni inaruhusiwa. Yusta aliipenda sheria hiyo. "Padre anaanza, mimi namaliza," alimwambia Mwanaheri. "Kwa hiyo tuko daraja moja, yeye ana kanzu tu."

Sefania hakuwahi kuingia mle. Mvua ikinyesha alimbebea kapu hadi getini, akalitua juu ya jiwe, akarudi.

"Ingia, hawali watu," Yusta alimwambia.

"Watanigeuza."

"Nani akugeuze wewe? Mimi nimeshindwa hata kukugeuza uvae soksi."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Sefania hakutaka kulisikia. Mara ya kwanza Yusta alilianza wakiwa wanapukuchua mahindi.

"Baba Edgar, siku nikifa..."

"Hufi."

Mara ya pili ilikuwa baada ya Krismasi. Alijipanga kabisa, akamkalisha. "Nikifa mimi, hapa patakuwa na makanisa mawili na mwili mmoja. Ngoja nikuambie ninavyotaka." Sefania aliinuka akaenda kumkamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa. Yusta hakurudia tena.

Jumatatu ile ya mwezi wa sita, Mwanaheri ndiye aliyepiga kelele. Sefania alizisikia akiwa kwenye kabichi. Alimkuta mkewe sakafuni kando ya meza, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu. Pasi ilikuwa wima juu ya kisahani chake. Aliiweka vizuri kwanza, ndipo akaanguka. Walimpeleka hospitali. Padre Kristian alikuja na mafuta ya wagonjwa, Sefania akamwachia nafasi, akasimama koridoni. Jumatano alfajiri Yusta alifariki. Siku zote mbili hakusema neno.

Watu walipojaa nyumbani, Edgar alimvuta baba yake kando. Alikuwa na simu mbili mkononi na macho mekundu.

"Baba, mama anazikwa na nani? Mchungaji anasubiri. Na wale wa juu nao wameuliza."

"Sisi," alisema Sefania.

Neno moja. Likatosha. Jumamosi Yusta alizikwa nyumbani, upande wa chini wa nyumba, karibu na wazazi wa Sefania. Mchungaji alihubiri vizuri. Kwaya iliimba. Padre Kristian alikuja, lakini hakuingia kwenye shughuli. Ni sheria yao nyingine: hawashiriki ibada ya kanisa lisilo lao. Alisimama nje ya ua, peke yake, na rozari yake, mvua ya rasharasha inamshukia.

"Anajiona nani yule?" Edgar alisema kwa hasira. "Hata Baba Yetu hawezi kusema na sisi?"

Watu walipokwenda kula, Sefania alibaki nyuma kidogo, akaona. Padre aliingia kwa mlango wa zizi ili asipite mbele za watu. Alipiga magoti kwenye tope la kaburi, na kanzu yake, akakaa pale muda wa mtu kumaliza sahani ya wali. Kisha akaondoka bila kula.

Tangu hapo lile neno halikumwacha Sefania. Sisi. Akikamua, lipo. Akipalilia, lipo. Alijiuliza sisi ni nani. Yusta alikuwa na nusu ya maisha yake kule juu, na yeye amemchukua mzima mzima, kama mtu anayehamisha mbuzi. Mara mbili mkewe alitaka kumwambia, mara mbili yeye akakataa kusikia. Na sasa wa kuulizwa hayupo. Edgar alidhani baba yake anaugua. Alimletea dawa ya vidonda vya tumbo.

Wiki ya nne ilipoanza alikuwa anatafuta chumvi ya ng'ombe juu ya kabati, akakuta bakuli limefunikwa kwa sahani. Ndani kulikuwa na kitambaa kidogo, kimekauka kikawa kigumu, kina doa la rangi ya zambarau. Divai. Alikijua ni cha mapadre. Akafikiri: kazi yake haikuisha. Basi nitaimaliza.

Alinawa mikono mara tatu. Akakaa nyuma ya nyumba na beseni na sabuni ya mche, akasugua kidogo kidogo kama alivyomwona mkewe akifanya. Maji aliyamwaga kwenye migomba.

Mwanaheri alichungulia juu ya ua.

"Shemeji! Wewe unafua?"

"Nafua."

"Leo itanyesha mvua ya mawe." Kisha akakiona kile kilicho mkononi. Kicheko kikakatika. "Hicho si kile alichokifunika na sahani?"

"Ndicho."

"Hakukisahau, shemeji. Alikiacha kwa makusudi. Aliniambia Jumapili ile, hapa hapa. Kilikuja kapuni bila padre kukisuuza. Alikuwa anakirudisha Jumatatu pamoja na vingine." Mwanaheri alishika shavu. "Mimi mambo yao siyajui, sisi ni Waislamu. Lakini hicho alikuwa hakigusi hata kwa kidole. Alikitoa kwa kijiko."

"Nimeshakifua."

"Naona."

Alikianika ndani, mbali na moshi. Kilipokauka alikikunja. Kesho yake akavaa koti la Jumapili, akavaa na soksi, akapanda Kwemkole.

Bruda alifungua geti. Ni mtu mfupi, mwenye mabega ya kubeba magogo.

"Bwana Yesu asifiwe," alisema Sefania.

Bruda aliinamisha kichwa kwa heshima, akaweka kidole mdomoni, akamwonesha benchi barazani. Sefania alikaa. Padre mmoja mzee alipita, akainamisha kichwa. Akapita mwingine, vile vile. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi wala ana shida gani. Baadaye aliambiwa kwamba kuanzia sala ya usiku hadi baada ya chai ya asubuhi hawasemi, labda nyumba iwe inaungua. Lakini pale kwenye benchi hakujua hilo. Aliona tu nyumba ya wanaume wasiosema, kila mmoja na kazi yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kifua chake kilishuka. Alidhani atakuta watu wa maneno mengi. Kumbe ni watu wa aina yake.

Kengele iligongwa. Padre Kristian akaja mbio mbio, anafuta mikono.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

Sefania alitoa kitambaa mfukoni, kimefungwa ndani ya leso safi. Alikuwa amejipangia maneno njia nzima.

"Nimefua kitambaa chenu," alisema. "Kile ambacho hukukisuuza. Sikujua. Yusta alikuwa amekitunza akirudishe. Mimi nimekifua kwa mikono hii, ya ng'ombe. Nimekuja kusema."

Padre Kristian alikipokea kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa.

"Kosa ni langu, mzee," alisema. "Jumamosi ile nilikuwa na homa, nikakitupia kapuni hivi hivi. Sikujua hadi sasa. Yeye hakukosa. Na wewe hukukosa." Akafikiri kidogo. "Maji uliyamwaga wapi?"

"Kwenye migomba."

"Kwenye udongo?"

"Kwenye shina."

"Basi. Hata mimi ningeyamwaga udongoni." Akakitazama tena kitambaa, akakigeuza. "Umekikunja mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Sefania alimtazama aone kama anachekwa. Alikuwa anachekwa. Akaona afadhali, akacheka naye, kidogo, kwa puani.

Walimwomba abaki hadi mchana. Alikaa na bruda kwenye bustani, akamwonesha kwa nini kabichi zake hazifungi: anazipanda zimebanana kama watoto kitanda kimoja. Bruda akang'oa mstari mzima palepale, bila ubishi. Mchana walimkaribisha chumba cha kulia. Ugali, maharage, sukuma. Hapo pia hawasemi. Mmoja hukaa kwenye kiti kirefu akasoma kwa sauti maisha ya mtakatifu, wengine wanakula wanasikiliza. Ukitaka chumvi, unaonesha kwa kidole. Sefania alitaka chumvi, akaonesha, ikaja.

Ile meza ilikuwa na kitambaa cheupe, kimenyooshwa hadi ncha. Alijua ni mkono wa nani uliokinyoosha, kabla ya msiba. Pamoja na vile vya altare, Yusta alifua na vitambaa vya meza ile miaka kumi na moja, na hakuwahi kuiona, maana wanawake hawaingii mle. Sefania akaanza kukariri mambo ya kwenda kumsimulia: viti virefu, msomaji, yule padre mzee anayesinzia kijiko kikiwa mdomoni. Alikuwa amefika kwenye kijiko ndipo akakumbuka. Aliweka tonge chini. Bruda akamsogezea maji, akaendelea kutazama sahani yake mwenyewe.

Padre Kristian alimsindikiza hadi getini.

"Ijumaa ijayo ni siku ya thelathini tangu afariki. Tutamsomea misa. Uje."

"Mimi ni Mlutheri."

"Najua, mzee. Utakaa tu. Hakuna atakayekuambia simama wala piga magoti."

Edgar alisikia, na Ijumaa akaja na pikipiki tangu alfajiri.

"Baba, kweli unakwenda kwa wale?"

"Nakwenda."

Edgar alizungusha ufunguo kwenye kidole. "Panda basi. Nitakusubiri nje."

Hakusubiri nje. Baridi ilimshinda, au kitu kingine. Aliingia akakaa karibu na baba yake, benchi la nyuma, lililokuwa la mama yake.

Sefania aliinua macho. Katikati ya kanisa, mbele ya altare, kulikuwa na jeneza. Limefunikwa kitambaa cheusi chenye msalaba mkubwa, mishumaa mitatu huku, mitatu kule, ya nta ya njano. Lilikuwa na urefu wa mtu. Alifikiri jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: kwamba wamemfukua Yusta.

"Baba," Edgar alinong'ona, "mle ndani kuna nini?"

"Nyamaza."

Misa ilikwenda polepole. Padre Kristian alivaa nyeusi. Waliimba sauti moja, bila ngoma, bila kinanda, na nafasi kati ya wimbo na wimbo ilikuwa ndefu. Sefania hakuelewa, na hakutafuta kuelewa. Kisha katikati ya Kilatini, akasikia neno moja analolijua: Yusta. Mara moja tu. Edgar naye alilisikia, akashika benchi la mbele kwa mikono yote miwili. Mwishoni padre alilizunguka lile jeneza akilinyunyizia maji, akalizunguka tena kwa ubani, kama mtu anayemsindikiza mgeni wa heshima hatua kwa hatua.

Watu walipotoka, bruda alizima mishumaa, akaondoa kitambaa cheusi. Chini yake palikuwa na mbao nne zimepigwa misumari. Hamna kitu. Sefania alisimama anatazama zile mbao. Padre Kristian alitoka sakristia, chumba cha kuvalia, amebaki na kanzu yake, akamkuta pale.

"Ni desturi yetu, mzee. Mwili usipokuwepo, tunaweka hili mahali pake."

"Mwili niliuchukua mimi."

"Ndiyo."

"Nilisema neno moja. Sikumuuliza." Sefania alivuta pumzi. Edgar alikuwa amesimama nyuma yake, akamshika kiwiko, akamwachia. "Mara mbili alitaka kuniambia, mara mbili nikamkatiza. Sasa wewe kama unajua niambie, Padre. Usinionee huruma. Nilimnyang'anya?"

Padre Kristian alishangaa waziwazi.

"Mzee, mimi nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana ulimzika kule." Akakaa kwenye benchi ili asiwe juu ya mzee. "Aliniambia mwaka huu, Kwaresima, pale barazani. Haikuwa kwenye kitubio, wakati wa kuungama, kwa hiyo naweza kusema. Nilimuuliza: Mama, tuna nafasi chini ya misonobari, tukuzike hapa kwetu? Akacheka. Alinipiga na kapu begani."

"Alisemaje?"

"Alisema..."

"Usinifupishie. Sema vile vile alivyosema."

Padre alifumba macho ayapate vizuri, kama anavyofanya akitafuta sala. Kisha akayasema maneno ya Yusta, yote, hata kicheko chake akajaribu kukitia:

"Roho yangu ni kazi yenu, Padre, hiyo mnaijua, nisomeeni misa yangu hapa hapa. Lakini mwili muachieni Baba Edgar, azike na wachungaji wake, waimbe, wanaimba vizuri wale. Miaka hamsini mimi nimelala upande wa ukutani, yeye upande wa mlango. Sihami."